Tunabishania furaha ya mtoto, tumesahau kuhesabu majibu yake

Tangu mtaala ulioboreshwa wa Tanzania uanze kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu, lipo lalamiko ambalo halikosekani wazazi wanapokutana. Mtoto akiulizwa leo mmejifunza nini kwenye hesabu, anajibu kwamba walicheza. Walikaa wawili wawili, wakapewa vizibo vya soda, wakacheza. Mzazi aliyejinyima kununua sare na madaftari anaona kipindi kimeliwa bure. Upande wa pili wapo walimu na wataalamu wanaomjibu kwamba hizo ni mbinu za kisasa, mtoto akifurahi atalipenda somo, na akilipenda atalifaulu. Pande hizi mbili zinagombana huku zikiamini kitu kimoja: kwamba mchezo na zoezi ni vitu viwili vinavyopingana. Mmoja analilia zoezi lililopotea, mwingine anashangilia kwamba limeondoka. Mimi naona wote wamekosea. Mchezo wa hesabu wa watoto wawili, ukipangwa ipasavyo, ni zoezi hasa, tena zoezi zito kuliko kuimba tebo darasa zima, kwa sababu unamlazimisha kila mtoto atoe majibu mengi ya kwake mwenyewe na asahihishwe hapo hapo. Mchezo usiofanya hivyo hauna cha kujitetea nao, na mzazi anayeulalamikia ana haki.

Mjadala huu unakuja wakati ambao hatuna nafasi ya kubahatisha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza Darasa la Saba. Maana yake ni kwamba mtoto wa sasa ana mwaka mmoja pungufu wa kufidia alichokikosa madarasa ya chini. Na tumekuwa na mazoea ya kukosa mengi huko chini. Tathmini za Uwezo, mpango unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zilizoanza kutolewa mwaka 2010 zilionyesha kwamba wengi wa watoto wa Darasa la Tatu hawakuweza hesabu za kiwango cha Darasa la Pili, na mwaka 2015 serikali ikabadilisha mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ili nguvu zote ziende kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile KKK tatu. Hata hivyo, katika mitihani ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, wanaofaulu Hisabati wamekuwa kati ya mtahiniwa mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne. Tunapenda kulaumu walimu wa sekondari kwa matokeo hayo. Lakini mwanafunzi anayeangukia kwenye milinganyo ya kidato cha pili mara nyingi alianguka zamani, siku alipoambiwa 8 + 7 akakunja vidole, na hakuna aliyehakikisha kwamba mwaka uliofuata hahitaji tena kuvikunja.

Jambo hili linastahili kuelezwa polepole kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu. Akili ya mtoto, kama ya mtu mzima, inaweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mpe 48 + 37. Anatakiwa ajumlishe 8 na 7, akumbuke kwamba ni 15, aandike 5, abebe 1, kisha ajumlishe 4 na 3 na ile 1 aliyobeba. Yule ambaye 15 inamjia yenyewe anabaki na nafasi kichwani ya kufikiria ile 1 ya kubeba inatoka wapi na inakwenda wapi. Yule anayehesabu vidole, akifika 15 amekwisha sahau alikuwa anatafuta nini. Mwalimu anadhani mtoto hajaelewa kubeba, anamfundisha kubeba upya, na upya, wakati tatizo limekaa hatua moja nyuma. Kwa hiyo wanaotetea tebo wako sahihi katika jambo kubwa: hesabu za msingi lazima ziingie kichwani mpaka zitoke bila jasho. Sina ugomvi nao hapo, na nawashangaa wanaosema kukariri kumepitwa na wakati. Swali langu ni njia gani inamfikisha mtoto huko, na jibu linapatikana kwa kuhesabu.

Chukulia darasa la watoto 80, ambalo kwa shule nyingi za umma si la kushangaza. Kipindi ni dakika 30. Mwalimu akitumia dakika 10 kueleza, zinabaki 20. Akimwita mtoto mmoja mmoja ubaoni, na kila mmoja akachukua dakika moja kuinuka, kupita kati ya madawati, kuandika jibu na kurudi, watoto 20 watakuwa wamejibu swali moja kila mmoja. Sitini hawakujibu chochote. Sasa waweke wawili wawili kwa dakika 15 tu, kila swali likichukua nusu dakika pamoja na kusahihishwa. Kila jozi itapita maswali 30, yaani kila mtoto atajibu 15 na kumsahihisha mwenzake mengine 15. Darasa zima limetoa majibu 1,200 badala ya 20. Punguza kwa ajili ya utundu, kizibo kilichoviringika chini ya dawati na mabishano ya nani aanze. Punguza hata nusu. Bado tofauti ni kubwa kiasi kwamba sijaona hoja ya kupinga jozi inayoigusa.

Mtetezi wa tebo atasema mfano wangu wa ubaoni haumtendei haki, kwa sababu yeye hawaiti mmoja mmoja, anawaimbisha wote kwa pamoja. Hapo panahitaji kutazamwa kwa karibu. Niliwahi kukaa dawati la nyuma katika darasa la pili, shule ya umma, wakati watoto wakiimba tebo ya sita. Sauti ilikuwa nzuri, ukuta mzima unaitika. Mtoto aliyekuwa karibu yangu alikuwa akisema “sita mara” kwa nguvu kama wenzake, kisha midomo inapwaya, kisha jibu likishasikika kutoka mbele anaokota neno la mwisho: “...nane”, “...nne”, “...mbili”. Kwa mwalimu aliyesimama mbele, huyu alikuwa anaimba. Na hakuwa anadanganya, alikuwa anafanya bidii yake yote kwenda na wenzake. Wimbo wa darasa zima una mahali pazuri pa kujificha kwa mtoto asiyejua, na anayejificha humo hajifichi kwa hila. Hata anayeimba vizuri mara nyingi ameshika mfuatano tu. Muulize ghafla 6 × 7 utamwona akianza kunong’ona kutoka 6 × 1, na akikatizwa anarudi mwanzo. Tebo imeingia kichwani kama wimbo, na wimbo hauna mlango wa katikati.

Huwezi kujificha mbele ya mtu mmoja. Chukua mchezo mmoja rahisi kuliko yote, ule wa vizibo kumi na kifuu cha nazi, au kikombe cha plastiki kwa shule zilizo mbali na minazi. Watoto wawili wanahesabu pamoja vizibo vyao mpaka kumi. Mmoja anafumba macho, mwingine anaficha vizibo kadhaa chini ya kifuu na kuacha vingine wazi. Akifumbua, anaona vizibo sita. Anatakiwa aseme vingapi vimefichwa. Anasema vinne. Kifuu kinafunuliwa. Vikiwa vinne amepata, na wote wawili wanaandika kwenye madaftari 6 + 4 = 10 na 10 − 6 = 4. Vikiwa tofauti na alivyosema, hakuna wa kumgombeza, vizibo vyenyewe vimekwisha mwambia, anahesabu na kuandika lililo sahihi. Kisha zamu inageuka. Ndani ya dakika tano mtoto amekutana na jozi za kumi mara nyingi, bila mpangilio wa wimbo, na kila mara amelazimika kutoa jibu kabla ya kuliona. Wiki inayofuata vizibo vinakuwa kumi na mbili, halafu kumi na tano, halafu ishirini.

Nimeuchagua mchezo huu kwa sababu unajibu hoja nzito kuliko zote dhidi ya kazi za jozi, hoja ambayo walimu wazoefu huitoa na wanaotetea michezo huikwepa: watoto wawili wasiojua watasahihishana vipi? Asiyejua akimfundisha asiyejua, si watakubaliana kwamba 7 + 5 ni 13 na kuikariri hivyo hivyo kwa furaha? Ni kweli, itatokea, na hutokea sana pale mwalimu anapowaambia tu watoto waulizane maswali. Dawa ni kuhakikisha jibu liko ndani ya kifaa chenyewe. Kifuu kinafunuka. Kadi iliyokatwa kwenye boksi la biskuti ina 6 × 7 mbele na 42 nyuma, na anayeuliza ndiye anayeuona upande wa nyuma, hivyo hata mtoto ambaye mwenyewe hajui 6 × 7 anaweza kumsahihisha mwenzake bila kukosea, na kila anaposahihisha anaisoma 42 tena. Mchezo wa hesabu ambao jibu lake lazima lithibitishwe na mwalimu haufai darasa la watoto 80, hata uwe wa kuvutia namna gani.

Hoja ya pili yenye uzito ni ya ushindani. Michezo mingi inayopendwa ni ya mbio: wawili wanafunua kadi moja kila mmoja, wa kwanza kusema jumla anachukua zote mbili. Inachangamsha sana, na kwa mtoto mzito ni mbaya. Anayejua zaidi anajibu kila mara kabla mwenzake hajamaliza kutazama kadi. Mwisho wa mchezo mwenye haraka amefanya mazoezi asiyoyahitaji, na mwenye uhitaji ametazama tu na kujifunza kwamba yeye ni wa kushindwa. Hapa wanaoikosoa michezo wanastahili kusikilizwa kuliko wanavyosikilizwa. Mchezo wa zamu hauna ila hiyo, kwa sababu muda wa kufikiri ni wa mwenye zamu na mwenzake hana faida yoyote akidakia. Pia si lazima mtu amshinde mtu. Jozi inaweza kushindana na rekodi yake ya jana: kadi ngapi tulipata bila kukosea, na leo je? Kuhusu nani akae na nani, naona mwalimu asiweke bora kabisa na dhaifu kabisa pamoja, maana wa kwanza atafanya kazi yote. Na pale dawati linapokaliwa na watatu, wa tatu awe mwamuzi mwenye kushika kadi, nafasi ibadilike kila baada ya maswali matano.

Sasa niseme kuhusu hoja dhaifu kuliko zote, na inasikitisha kwamba inatoka kwa wanaotetea michezo: ile ya furaha. Mwaka 2008, Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha utafiti waliofanya Marekani kwa watoto wa chekechea wa familia zenye kipato kidogo. Kila mtoto alicheza na mtu mzima mchezo wa kusogeza kete kwenye ubao wenye visanduku vilivyopangwa mstari. Kundi moja lilikuwa na visanduku vyenye nambari 1 hadi 10, na mtoto alizitaja kila alipopita. Kundi la pili lilikuwa na visanduku vya rangi, na mtoto alitaja rangi. Vipindi vinne vya dakika 15 hadi 20, katika wiki mbili. Mchezo ule ule, kete ile ile, muda ule ule wa kukaa na mtu mzima. Wa nambari walipanda katika kutambua tarakimu, kuhesabu, kulinganisha ukubwa wa namba na kujua mahali pa namba kwenye mstari, na walikuwa bado wako mbele wiki tisa baadaye. Wa rangi hawakupanda. Baadaye watafiti hao hao waligundua kwamba hata ubao wa nambari ukipangwa mduara badala ya mstari, faida inapotea kwa sehemu kubwa. Kama furaha ndiyo inayofundisha, watoto wa rangi wangefaidika sawasawa na wenzao. Kilichofundisha ni namba, na jinsi zilivyopangwa, na kwamba mtoto alizitamka mwenyewe.

Ipo pia hoja ya jadi, ninayoisikia zaidi Pwani na ambayo moyo wangu unaipenda kuliko akili yangu. Inasema hatuhitaji mbinu za kigeni, michezo yetu imejaa hesabu tangu zamani. Msichana anayecheza mdako anarusha kokoto moja juu, anazikokota nyingine kutoka shimoni, anazirudisha akiacha moja, kisha mbili, kisha tatu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, na mchezaji mzuri anajua kabla ya kugusa kete ni shimo gani mkono wake utaishia. Hayo yote ni kweli na ni urithi wa kujivunia. Lakini yupo mchezaji hodari wa bao aliyepata sifuri ya Hisabati, na huhitaji kwenda mbali kumtafuta. Utafiti uliotoka mwaka 2025 katika jarida la Nature, wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo, Elizabeth Spelke na wenzao, ulichunguza watoto wanaouza sokoni Kolkata na Delhi. Walikokotoa kichwani bei na chenji za kuchanganya, lakini wakipewa hesabu kama zinavyoandikwa shuleni, wengi walikwama. Na watoto wa shule wasiouza walikuwa kinyume chake: hesabu ya daftari wanaiweza, ya soko inawashinda. Mwaka 2017, Moira Dillon, Spelke, Duflo na wengine walikuwa wameonyesha jambo la karibu na hilo katika jarida la Science: watoto wa awali wa Delhi waliochezeshwa kwa miezi minne michezo ya kukadiria wingi na kutambua maumbo waliimarika katika stadi hizo kwa muda mrefu, lakini walipoingia shule ya msingi hawakuwazidi wenzao katika hesabu za darasani. Michezo ile haikuwa imefungamanishwa na tarakimu na alama.

Wapo watakaotumia matokeo hayo ya Delhi kusema michezo haifai. Mimi nayasoma kama sharti. Stadi aliyoipata mtoto kwa mkono na jicho haivuki yenyewe kwenda kwenye karatasi, lazima avushwe, na anavushwa siku ile ile, hapo hapo alipo. Ndiyo maana katika mchezo wa kifuu nimesisitiza madaftari. Dakika zile ambazo watoto wanaandika 6 + 4 = 10 baada ya kufunua ndizo zinazotofautisha kipindi cha Kuhesabu na mapumziko. Na ndiyo maana dakika tano za mwisho ni za mwalimu: anasimama ubaoni, anauliza ni jozi gani za kumi mmezipata, anaziandika kwa mpangilio kuanzia 0 + 10, na watoto wanaona kwa macho kwamba upande mmoja unapanda na mwingine unashuka. Baada ya hapo waimbe, kwa nini wasiimbe? Wimbo unaokuja baada ya watoto kutafuta majibu wenyewe unawakusanyia walichokwisha kukipata. Huyo wa dawati la nyuma naye atakuwa na majibu kadhaa ya kuimba kwa sauti kamili.

Kelele na ukosefu wa vifaa nitavipitia haraka, kwa sababu vinatajwa kuliko vinavyostahili. Vizibo viko kila duka la soda, kadi zinakatwa kwenye maboksi. Kelele ipo, na mwalimu anayejua kuwatuliza watoto kwa kupiga makofi ya mpangilio anaimudu. Kinachomzuia mwalimu zaidi, na ambacho walimu hunieleza kwa sauti ya chini, ni hofu ya mgeni atakayeingia darasani akakuta watoto wanapiga kelele na vizibo viko sakafuni. Kwa miaka mingi tumemfundisha mwalimu kwamba darasa tulivu ndilo darasa zuri. Hawezi kubadilika kwa kuambiwa tu kwenye semina kwamba sasa mtaala ni wa kucheza, kama anayekuja kumkagua bado anapima utulivu.

Kwa hiyo ningetaka wathibiti ubora wa shule waje na swali tofauti. Wachague watoto wachache, hasa wa nyuma, wakae nao, na kuhesabu: katika dakika hizi 10, huyu ametoa majibu mangapi ya kwake, na alijuaje kama amepata? Swali hilo linaupima mchezo na linaipima tebo kwa mizani moja, na litaangusha michezo mingi inayopambwa kwenye picha za warsha. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo, katika viongozi vya mwalimu, isiishie kuandika “wanafunzi wacheze mchezo wa kuhesabu wakiwa wawili wawili”. Iandike mchezo gani, vizibo vingapi, jibu linathibitishwaje, kipi kinaandikwa daftarini, na wiki ijayo namba zinapanda vipi. Na vile vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambavyo walimu hukutana shuleni kwao vinafaa sana kwa kazi hii: walimu wawili wakae wacheze kifuu na vizibo 20 kwa dakika kumi, wataona wenyewe mahali mchezo unapokwama kabla haujakwama mbele ya watoto.

Majirani zetu Kenya mwaka 2025 walibishana kwa ukali kama Hisabati iwe lazima katika sekondari ya juu, na baada ya malalamiko ya umma serikali ikairudisha kwa mikondo yote mitatu ya masomo, kwa viwango viwili tofauti. Ulikuwa mjadala wa haki, lakini unahusu vijana ambao kwa wengi wao uamuzi ulikwisha kufanyika wakiwa na miaka saba au minane. Watoto wetu wa miaka hiyo wako darasani sasa hivi. Mzazi anayeambiwa “tumecheza” asikasirike kwanza, afungue daftari la siku hiyo. Akikuta ukurasa una hesabu kumi na tano kwa mwandiko wa mtoto wake, amuulize mbili tatu bila kufuata mpangilio na asikilize anajibu upesi kiasi gani. Akikuta ukurasa mtupu, aende shuleni kumwona mwalimu, na aulize kilichokuwa kinahesabiwa katika mchezo huo.